Istilahi za Kutayarisha Kipindi cha Televisheni ya Wanafunzi

Makala haya yanakusudia kueleza maneno yanayohitajika tangu kipindi cha televisheni kinapopendekezwa hadi kinaporushwa hewani, hasa pale ambapo watayarishaji wake ni wanafunzi. Mengi ya maneno hayo si mapya. Taabu iliyopo ni kwamba karibu kila moja lilikuwa na kazi nyingine kabla ya televisheni kulichukua, na hiyo kazi ya kwanza hailiachi. Mtu mzima aliyezoea shughuli za studio hujua papo hapo ni maana ipi inayokusudiwa. Mwanafunzi anayeandika kwa mara ya kwanza, na mtumishi wa serikali anayeisoma barua yake, hawana msaada huo.

Redio ndiyo iliyotangulia, na lugha ya utangazaji tuliyo nayo ni lugha ya redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951; Radio Tanzania Dar es Salaam iliundwa mwaka 1965. Humo ndimo lilimozoeleka neno mtayarishaji, na ndimo lilimopata heshima jina zuri la fundi mitambo, ambalo msikilizaji alilisikia kila kipindi kilipofungwa. Televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1973, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja hadi mwaka 1994, vilipoanza vituo vya watu binafsi. Baina ya miaka hiyo miwili kuna miaka 21. Basi Bara ilipopata televisheni iliipata kwa haraka, pamoja na vitabu vyake vya mafunzo vya Kiingereza, na watu wakatafsiri maneno wakiwa wamesimama mbele ya kamera. Hatuwalaumu, habari za saa mbili usiku hazingojei kikao cha istilahi.

Televisheni ya wanafunzi nayo si jambo geni duniani. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Glasgow, Uingereza, walianzisha kituo chao mwaka 1964, wakafuatwa na wenzao wa York mwaka 1967. Kwetu, mfano unaojulikana zaidi ni Mlimani TV ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako wanafunzi wa Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Umma hujifunzia kazi. Kituo cha namna hiyo hupokea mawazo ya vijana wengi kuliko nafasi zilizopo katika ratiba, na kwa hiyo hapana budi kuchagua. Uchaguzi huo hufanywa kwa karatasi.

Tuchukue mfano wa kufundishia. Wanafunzi wa chuo kimojawapo mkoani Singida wanataka kutayarisha kipindi juu ya alizeti: kilimo chake, ukamuaji wa mafuta katika viwanda vidogo, na biashara ya mashudu. Wangependa kukipeleka katika kituo cha wanafunzi kilichoko Dar es Salaam, umbali wa kiasi cha kilomita 700. Hawataonana na wakuu wa kituo, wala hawatapata nafasi ya kusema, "La, hatukukusudia hivyo." Karatasi ndiyo itakayowasemea. Kila neno lenye maana mbili lililomo katika karatasi hiyo ni mlango wa kukataliwa, au, lililo baya zaidi, wa kukubaliwa kwa jambo wasiloliweza.

Karatasi yenyewe iitweje? Wengi huandika pendekezo. Pendekezo ni wazo moja linalotolewa mbele ya watu ili lijadiliwe. Mjumbe hutoa pendekezo kikaoni kwa sentensi moja, kisha akaketi. Kinachopelekwa kituoni ni kitu kirefu zaidi, chenye kiini cha kipindi, walengwa, ratiba, vifaa na makadirio ya fedha. Maofisini tayari tuna jina la kitu hicho: andiko. Andiko la mradi halimpigi chenga ofisa yeyote wa halmashauri, na andiko la kipindi litaeleweka vivyo hivyo. Kitendo chenyewe kiitwe kuwasilisha. Siku hizi husikika vijana wakisema wanakwenda "kuuza wazo", na wengine "kulinadi". La kwanza limetafsiriwa neno kwa neno na lingefaa kuachwa. La pili lina asili njema, lakini ni la mnadani na la majukwaa ya uchaguzi, na mwenye kunadi hatarajiwi kutaja kasoro za bidhaa yake, ilhali andiko jema hutaja.

Sasa tuingie katika neno kipindi lenyewe. Katika shule zetu za sekondari kipindi ni dakika 40 za somo, na kengele ndiyo inayokimaliza. Katika televisheni kipindi ni kazi kamili yenye mwanzo na mwisho, na kipindi cha nusu saa aghalabu hakijazi dakika 30, kwa kuwa matangazo na vitambulisho vya kituo huchukua sehemu yake. Mwanafunzi akiandika kwamba "kipindi kitarekodiwa katika vipindi vitatu", mkuu wa chuo ataelewa kuwa masomo matatu yatapotea, na mkuu wa kituo ataelewa kuwa anapewa kazi tatu. Dawa si kulitupa neno, maana limeota mizizi tangu zama za redio. Dawa ni kutoliacha pekee: kipindi cha televisheni, kipindi cha somo, na muda wa kurekodi. Programu, ambalo wengine hulikimbilia, limekwisha kuchukuliwa na kompyuta. Mhariri wa picha hukaa siku nzima mbele ya programu ya kuhariri, na si vizuri kumwambia kuwa anahariri programu kwa programu.

Ikiwa vipindi ni vingi vyenye jina moja, huo ni mfululizo, na kila kimoja ni sehemu: sehemu ya kwanza, sehemu ya pili. Limeingia pia neno msimu kwa maana ya mfululizo mmoja uliokamilika kabla ya mwingine kuanza. Mjini huenda halidhuru. Singida linadhuru, na hasa katika kipindi cha alizeti. Mkoa huo una msimu mmoja wa mvua. Alizeti hupandwa kwenye Desemba na Januari, huchanua kwenye Machi, na huvunwa kuanzia Mei. Vinu vya kukamua hupata mbegu mpya baada ya hapo. Mwenye kutaka kuonyesha shamba likiwa la manjano na mafuta yakitoka kwenye mashine ni lazima apige picha mara mbili, kwa miezi iliyo mbalimbali. Andiko likisema "msimu wa kwanza utakamilika Juni", msomaji hawezi kujua kama ni mavuno yanayokamilika au ni televisheni. Tunashauri msimu libaki la mkulima, na watu wa televisheni waridhike na mfululizo.

Katika majina ya watu wa kazi, mchafuko ni mkubwa zaidi, na athari zake ni za fedha na za lawama. Anayelibeba andiko, akatafuta fedha, akaomba vibali, akapanga nani aende wapi lini, huyo ni mtayarishaji. Siku hizi baadhi ya watu humwita mzalishaji, kwa sababu Kiingereza kina neno moja kwa mtu huyu na kwa kiwanda cha sabuni. Kiswahili hakina dhiki hiyo. Kuzalisha ni kwa mali na mazao. Na kwa asili yake ni kumsaidia mzazi ajifungue, kazi ya mkunga. Hakuna sababu ya kuliacha neno lililotumika redioni kwa miongo mingi ili kuchukua lenye uzito wa hospitali na kiwanda.

Anayeamua kamera isimame wapi, mhojiwa akae upande gani wa dirisha, na picha ipi ifuate ipi, huyo ni mwongozaji. Asiitwe mkurugenzi. Mkurugenzi kwetu ni mtu mwenye ofisi, na kila halmashauri ya Mkoa wa Singida, tangu Manispaa hadi Itigi, ina wa kwake. Mwandishi wa makala haya amewahi kuona barua ya wanafunzi, iliyopelekwa katika ofisi moja ya wilaya, iliyosema kuwa "mkurugenzi atafika Jumatano na watu wanne". Ofisi ilijiandaa kumpokea kiongozi. Aliyeshuka kwenye basi alikuwa kijana wa mwaka wa pili, begi la kamera mgongoni.

Mtangazaji ndiye anayeonekana na kusikika. Msimulizi husikika bila kuonekana. Mpiga picha ni jina linalotosha madhali andiko limekwisha kueleza kuwa kinachopigwa ni picha jongefu wala si picha mnato. Na fundi mitambo arudishiwe nafasi yake. Katika televisheni za leo huyu amegawanyika kuwa mtu wa sauti, mtu wa taa na mtu wa mitambo ya kurushia, lakini katika kikosi cha wanafunzi watano bado ni mtu mmoja, na jina lake la zamani linamtosha.

Kuhusu vifaa tutataja kimoja tu, kwa kuwa kina gharama. Kipaza sauti hutumika nchini kote kwa vitu viwili vilivyo kinyume: kile kinachopokea sauti ya msemaji, na kile kinachoitoa kwa nguvu ili umati usikie. Kwenye mkutano wa hadhara hakuna hasara, kwa kuwa viwili hivyo huja pamoja. Katika orodha ya vifaa vya televisheni hasara ipo. Anayenunua kwa niaba ya chuo akisoma "vipaza sauti viwili" anaweza kurudi na maspika mawili makubwa, na fedha haitarudi. Inafaa maikrofoni itumike kwa kinachopokea, kipaza sauti kwa kinachotoa kwa nguvu, na kinasa sauti kwa kinachohifadhi. Ni kweli kwamba maikrofoni ni neno la kukopa, lakini neno la kukopa lenye maana moja ni bora kuliko la kwetu lenye maana mbili, angalau katika orodha ya manunuzi. Kwa wanafunzi wetu kuna jambo la ziada. Singida ni nchi ya upepo, kiasi kwamba imekuwa ikitajwa katika mipango ya kuzalisha umeme kwa upepo. Maikrofoni isiyovikwa kitu uwanjani itanasa ngurumo, na maneno ya mkulima yatapotea. Kifuniko cha sifongo au cha manyoya kinachovikwa juu yake hakina jina lililokubaliwa. Kikinga upepo lingefaa, kwa kuwa linaeleweka pasipo maelezo.

Baada ya andiko kukubaliwa huja mswada wa kipindi. Mswada wa televisheni huandikwa kwa safu mbili: ya kushoto yaeleza kitakachoonekana, ya kulia yaeleza kitakachosikika. Mwalimu wa lugha ataupenda mpangilio huo, maana unamfundisha mwandishi kutosema kwa maneno kile ambacho picha imekwisha kukisema. Ikiwa safu ya kushoto inasema mama anamimina mafuta kwenye dumu, safu ya kulia haina haja ya kusema "hapa mama anamimina mafuta kwenye dumu". Iseme dumu hilo linauzwa wapi. Kwa picha, majina matatu yanatosha mwanzoni: picha ya mbali, picha ya kati, picha ya karibu. Vitabu vina majina mengi zaidi. Mwenye kuyahitaji atayafikia.

Tufikie sasa kundi la maneno ambalo, kwa maoni yetu, lina uzito kuliko yote yaliyotangulia: leseni, kibali, ruhusa na ridhaa. Katika mazungumzo ya kila siku manne haya hubadilishana nafasi bila ugomvi. Katika kazi ya televisheni kila moja hutolewa na mtu wake, na moja halishiki nafasi ya jingine.

Leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kwa mwenye kituo. Wanafunzi wanaopeleka kazi katika kituo chenye leseni hawahitaji yao. Lakini wakiamua kuanzisha televisheni yao ya mtandaoni wameingia katika eneo la kanuni za maudhui ya mtandaoni, ambazo zilitolewa mwaka 2018 na kuandikwa upya mwaka 2020, na yafaa wazisome kwanza. Kibali hutolewa na chombo cha dola kwa kazi maalumu. Kwa mfano, upigaji wa filamu na michezo ya kuigiza husimamiwa na Bodi ya Filamu chini ya Sheria Namba 4 ya mwaka 1976. Kibali kina namba, tarehe na muhuri, na huonyeshwa kinapodaiwa. Ruhusa hutolewa na mwenye mahali: mwenye kinu cha kukamua, mkuu wa shule, mtendaji wa kijiji. Inaweza kuwa barua, inaweza kuwa neno la mdomo, japokuwa barua ni salama zaidi.

Ridhaa ni ya mtu mwenyewe anayepigwa picha. Haiwezi kutolewa na mwingine kwa niaba yake ikiwa yeye ni mtu mzima mwenye akili timamu, hata na mtendaji wa kijiji, hata na mumewe. Hapo ndipo penye hatari. Kikosi kikifika kijijini na barua yenye muhuri, wanakijiji wengi hudhani kuwa mambo yamekwisha kuamuliwa juu, nao wamebakiwa na kutii. Anayekubali namna hiyo ameruhusu, hajaridhia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imelipa neno ridhaa uzito wa kisheria, na mfasiri atakayeandika "ruhusa" mahali pa "ridhaa" katika hati ya kusainiwa ameibadilisha hati yenyewe. Wenye kuhitaji mfano wa karibu wawafikirie Wahadzabe wa Wilaya ya Mkalama, ambao picha zao zimezunguka dunia nzima. Kibali cha mpiga picha kinaweza kuwa kamili kuanzia juu hadi chini, na bado swali la kama aliyepigwa aliridhia, na kwa lugha ipi alielezwa, likabaki wazi.

Hati ya ridhaa basi isiwe ndefu, wala isijae maneno ya mahakamani. Iseme ni nani anayepiga picha, kwa kipindi gani, kitaonyeshwa wapi, na kwamba mtu anaweza kukataa bila kudhurika. Isomwe kwa sauti kwa asiyesoma. Hatuoni kwa nini isitoshe nusu ukurasa.

Kwa mintarafu ya urushaji wenyewe, litazamwe neno mubashara. Matangazo yanayorushwa wakati ule ule jambo linapotokea yaliitwa kwa miaka mingi matangazo ya moja kwa moja. Mubashara, lenye asili ya Kiarabu, limeenea kwa kasi Tanzania Bara katika miaka ya karibuni, hata limewafikia wauza kahawa. Wapo wanaolipinga kwa kuwa halikuzoeleka. Sisi tunaliona lina faida: moja kwa moja lina kazi nyingi sana, na basi liendalo Dodoma moja kwa moja halirushwi hewani. Neno king'amuzi nalo lilienea kwa kasi namna hiyo hiyo wakati mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa, Desemba 2012, kwa sababu kitenzi ng'amua kilikuwa hai midomoni mwa watu na hitaji lilikuwa sebuleni mwa kila mwenye seti. Kuhusu runinga na televisheni hatutasema mengi. Yote mawili yapo, televisheni ndilo lililokuwa katika majina rasmi ya vituo vya taifa kule Zanzibar na Bara, na andiko moja litumie moja.

Limebaki jambo la lugha za wasemaji. Vituo vyetu hutangaza kwa Kiswahili au Kiingereza. Lakini bibi mkulima wa alizeti huko Ilongero huenda akaeleza vizuri zaidi kwa Kinyaturu, na mwenzake wa Kiomboi kwa Kinyiramba. Na Kihadza, chenye vidoko vyake, hakina undugu na lugha hizo mbili. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kufunika sauti yake kwa sauti ya msimulizi. Ni rahisi, lakini mzee mwenye miaka 70 hugeuka akawa na sauti ya kijana wa chuo. Ya pili ni kuacha sauti yake isikike na kuweka tafsiri kwa maandishi chini ya picha. Njia hii inamheshimu zaidi msemaji, ila inamtaka mfasiri awe na ubahili mkubwa wa maneno. Maandishi hayo kwa desturi hayazidi mistari miwili, yenye herufi zisizofika 45 kila mmoja, na hukaa kwa sekunde chache tu. Kiswahili hubeba mengi katika neno moja: wasiponitambulisha lina herufi 18, karibu nusu ya mstari. Mfasiri wa televisheni hawezi kutafsiri kila kilichosemwa. Hutafsiri kinachoweza kusomwa kabla picha haijabadilika.

Maandishi hayo yenyewe hayajapata jina moja. Tumesikia tafsiri ya maandishi, maandishi ya chini, na maelezo ya chini. La mwisho halifai kabisa, kwa kuwa ni tanbihi za vitabuni. La pili linaeleza mahali tu. Jina la mtangazaji na jina la kijiji nayo huandikwa chini. Kwa sasa twapendekeza maandishi ya tafsiri, ambalo lina kasoro moja inayojulikana: halifai pale maandishi yanapowekwa kwa ajili ya viziwi kwa lugha ile ile inayosemwa, maana hapo hakuna kilichotafsiriwa. Kwa hayo maandishi ya sauti lingeweza kujaribiwa, na walimu wa shule za viziwi ndio wangekuwa wa kwanza kuulizwa.